MOTO WA DODOMA: MARA HII TUMWULIZE MPISHI



Jumamosi iliyopita nilialikwa nyama choma kwa mzee mmoja mstaafu, jirani yangu hapa Dodoma. Mwaliko wenyewe haukuwa wa kawaida. Mwanawe aishiye Marekani alikuwa amemletea jiko la kuchomea nyama ambalo mimi nilikuwa nikilisikia tu, sijaliona kwa macho. Ni jiko jeusi lenye umbo la pipa lililolazwa, lina miguu minne na magurudumu mawili, kisanduku kikubwa ubavuni, na waya wa umeme. Halitumii mkaa, wala gesi. Linakula vidonge vidogo vya mbao iliyosagwa na kushindiliwa, mfano wa chakula cha kuku cha dukani. Wenyewe huviita peleti.

Tulikaa chini ya mwarobaini tukalitazama likifanya kazi. Mzee alibonyeza kitufe, akazungusha kingine, moshi mweupe ukatoka, kisha ukatulia. Mbuzi akawekwa juu ya wavu, kifuniko kikafungwa. Hakuna aliyepuliza, hakuna aliyepepea kwa kipande cha boksi, hakuna aliyelia kwa moshi. Wageni tulitikisa vichwa kwa mshangao.

Ilipofika saa nane mchana umeme ukakatika.

Feni ya lile jiko ikanyamaza. Taa yake ikazima. Mbuzi alikuwa hajaiva hata nusu, na wageni tulikuwa ishirini na kitu. Mzee alizungusha vitufe vyote, akafungua kifuniko, akafunga. Ndipo mkewe akatoka uani, mkono mmoja jiko la mkaa, mkono mwingine koleo, akasema kwa sauti ya upole kabisa: "Mzee, jiko hili lilipoagizwa, kuna mtu aliyeniuliza mimi ninayepika?"

Watu walicheka, na saa kumi tulikula. Lakini swali la mama yule lilinifuata mpaka nyumbani, na ndilo nataka tulizungumze wiki hii. Kwa sababu, ndugu msikilizaji, ukiitazama historia ya uwanda huu wetu wa kati utaona kwamba moto wa kupikia umebadilishwa mara nyingi, na karibu mara zote waliobadilisha si wale wanaokaa jikoni.

Tuanze mbali kidogo. Katika karne ya 19 njia kuu ya misafara kutoka pwani kwenda Tabora na Ujiji ilipita hapa Ugogo. Burton na Speke walipita mwaka 1857, Stanley akapita mwaka 1871, lakini wao walikuwa wageni wachache tu kati ya maelfu ya wapagazi wa Kinyamwezi, Kisukuma na wa pwani waliokuwa wakienda na kurudi kila mwaka na pembe za ndovu na vitambaa. Watemi wa Ugogo waliwatoza hongo, na hakuna aliyeweza kuwalaumu sana, kwani katika nchi kame kama hii maji na chakula vilikuwa mali. Jioni msafara ulipopiga kambi, kila kundi la wapagazi liliwasha moto wake, mawe matatu na chungu juu yake. Kambi ya mamia ya watu ilikuwa na mioto mingi.

Wenyeji nao walikuwa na moto wao ndani ya tembe. Tembe, kwa msikilizaji ambaye hajaliona, ni nyumba ya ukuta wa miti na udongo yenye paa la udongo lililo bapa. Mle ndani mafiga matatu yaliwaka, na moshi wake ulikuwa na kazi: ulikausha paa, ulifukuza wadudu kwenye mbegu za mtama na uwele, na ulikausha nyama iliyotundikwa ng'ombe alipochinjwa. Nyama ya kuchoma ilikuwa ya machungani na ya sherehe, kazi ya wanaume na vijana. Chakula cha kila siku, ugali na mlenda, kilikuwa kazi ya mama. Tangu wakati huo, basi, kulikuwa na mioto miwili: wa nje, wa wanaume, unaosifiwa, na wa ndani, wa wanawake, usiosemwa. Shikilia jambo hilo, nitalirudia.

Mabadiliko makubwa ya kwanza yaliletwa na reli. Wajerumani walianza kujenga reli ya kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Morogoro mwaka 1907, Dodoma mwaka 1910, Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Vichwa vya treni vilikuwa vya mvuke, na kwa miaka mingi vililishwa kuni. Miti iliyoota karne nzima ikaingia kwenye tanuru la garimoshi ili kuusukuma mzigo kilomita chache. Kwa mara ya kwanza kuni za Ugogo zikawa bidhaa ya kuuzwa kwa wingi, na chombo kisichokula chakula kikashindana na chungu cha mama.

Kisha vita vikaja. Majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalichukua nafaka, ng'ombe na watu wa kubeba mizigo, mvua nazo zikakosekana, na kati ya mwaka 1917 na 1920 Ugogo ikapigwa na njaa ambayo wazee waliiita Mtunya. Mtu anaposema leo kwamba Mgogo anapenda kufuga kuliko kulima, akumbuke kwamba ng'ombe ndiye aliyekuwa benki yake katika nchi ambayo mvua yake ni milimita kati ya 500 na 600 kwa mwaka, tena katika miezi michache tu.

Mabadiliko ya pili yalikuja na matrekta. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza, nchi ikiwa na uhaba wa mafuta ya kula baada ya Vita vya Pili vya Dunia, ilianzisha mpango wa karanga wa Tanganyika. Makao yake ya kwanza yalikuwa Kongwa. Nia ilikuwa kulima ekari zaidi ya milioni tatu katika Kongwa, Urambo na Nachingwea. Waliagiza mitambo mizito, mingine ikiwa vifaru vya vita vilivyogeuzwa matrekta. Walifunga mnyororo mnene wa nanga za meli kati ya matrekta mawili na kuburuta pori zima. Mibuyu ikawashinda nguvu. Vichaka vilivyong'olewa vilisukumwa mafungu mafungu, vikachomwa moto.

Hebu fikiri, msikilizaji. Kuni za vijiji vingi kwa miaka mingi ziliteketea bila kuivisha hata sufuria moja ya maharage. Udongo wa Kongwa nao, wakati wa kiangazi, ukakauka ukawa mgumu kama sakafu, karanga zikashindwa kung'olewa. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, paundi zaidi ya milioni 35 zikiwa zimepotea. Sehemu ya ardhi ile ikawa ranchi ya ng'ombe, na Ranchi ya Kongwa ipo hadi leo chini ya kampuni ya taifa ya NARCO. Nasi Dodoma tunaosifika kwa nyama choma tunachoma nyama inayotoka nchi ambayo pori lake lilichomwa bure.

Mabadiliko ya tatu yalikuwa yetu wenyewe, na kwa hiyo ni magumu zaidi kuyasema. Mwaka 1971 ilifanyika Operesheni Dodoma. Watu waliokuwa wakiishi mbali mbali, kila ukoo na tembe lake na mashamba yake, walikusanywa katika vijiji vya ujamaa. Walipata shule, walipata zahanati, na katika vijiji vingine walipata maji. Mimi mwenyewe nilisoma katika shule iliyojengwa kwa sababu hiyo na siwezi kuikana. Lakini kaya mia tatu zinapokusanywa mahali pamoja, na zote zinapika kwa kuni, miti ya karibu huisha upesi.

Mama yangu alikuwa mmoja wa waliokwenda kutafuta kuni. Kijiji chetu kilikuwa katika eneo ambalo leo ni Wilaya ya Chamwino. Nikiwa mtoto mdogo, katika miaka ya 1980, kuni alizipata nyuma ya kilima, anaondoka alfajiri na kurudi kabla jua halijawa kali. Nilipofika darasa la saba alikuwa akirudi saa nane mchana. Kilima kilikuwa kimebaki mawe. Alibeba mzigo kichwani, mdogo wetu mgongoni, na akifika hakupumzika, kwani moto ndio kwanza unawashwa. Macho yake yalikuwa mekundu siku zote. Sisi watoto tulidhani ndivyo macho ya akina mama yalivyo. Uzeeni aliona kwa shida, na daktari aliyempima aliniuliza swali moja tu: amepikia kuni kwa miaka mingapi?

Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mwaka 2020 moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani kote. Takwimu kubwa namna hiyo hupita masikioni bila kugusa moyo. Mimi nikiisikia, naona macho ya mtu mmoja.

Haina maana kwamba hakuna aliyejitahidi. Mwaka 1973 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, maarufu HADO, kwa msaada wa Sweden. Kule Kondoa makorongo yalikuwa yamekula ardhi kiasi cha kutisha. Mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa katika eneo lililoharibika, na baada ya miaka kadhaa nyasi na vichaka vikarudi. Waliosafiri njia ya Kolo na Kondoa zamani na wakapita tena baadaye wanajua tofauti yake. Wenye ng'ombe waliumia, na kidonda chao kisipuuzwe. Lakini Kondoa inatufundisha kwamba miti ya uwanda huu ikipewa nafasi hurudi.

Mwaka huo huo wa 1973 TANU iliamua kuhamishia makao makuu ya nchi Dodoma, na Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, ikaundwa. Kwa muda mrefu uhamiaji ulikuwa wa maneno zaidi kuliko malori. Julai 2016 Rais John Magufuli alitangaza kwamba Serikali inahamia kweli, na ikahamia. CDA yenyewe ilivunjwa mwaka 2017, na mwaka 2018 Dodoma ikawa jiji. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 410,000 na ushei katika manispaa. Sensa ya mwaka 2022 ikahesabu zaidi ya 760,000. Kila aliyehamia alikuja na masufuria yake, na mjini moto hauna kuni. Mjini ni mkaa.

Sasa tufanye hesabu ya mkaa, maana wengi wetu tunaununua kwa debe na gunia bila kuijua. Katika tanuri la kienyeji la kufukia kwa udongo, kilo 100 za kuni hutoa mkaa wa kilo 10 hadi 20 tu. Ni kweli kwamba kilo moja ya mkaa ina joto karibu mara mbili ya kilo moja ya kuni. Lakini fanya hesabu yoyote utakavyo, sehemu kubwa ya nguvu ya mti imeishia angani kabla gunia halijapakiwa kwenye baiskeli. Mama wa kijijini huokota tawi kavu. Mkaa hutaka gogo, na gogo maana yake ni mti mzima. Mtundu na myombo ya magharibi, migunga ya mabondeni, hata mikwaju yenye matunda, yote imeingia kwenye tanuri.

Majaribio ya kuupunguza mkaa ni mengi. Baada ya mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu nishati mpya, uliofanyika Nairobi mwaka 1981, wenzetu wa Kenya walitengeneza jiko la bati lenye kikombe cha udongo ndani, wakiiga jiko la Thailand. Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1980 jiko la namna hiyo likaenezwa kwetu kwa jina la Jiko Bora. Hili lilifanikiwa, na sababu yake ni rahisi: mafundi wa mitaani waliweza kulitengeneza, na mama aliliona likila mkaa kidogo siku ile ile aliyolinunua. Mwaka 2006, kwa upande mwingine, Serikali ilipiga marufuku mkaa kwa muda mfupi. Amri ikafutwa, kwa kuwa watu hawakuacha kula.

Na sasa tuko katika kampeni ya nishati safi. Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mkakati wa taifa wa miaka kumi unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034. Taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziliagizwa kuacha kuni na mkaa. Ni lengo jema. Mtoto wa mama yangu hawezi kulipinga.

Lakini nilikwenda Msalato mnadani. Wenyeji wanajua Msalato Jumamosi: ng'ombe na mbuzi upande mmoja, nguo na masufuria upande mwingine, na katikati mioshi ya nyama. Nilimwuliza mchoma nyama mmoja, mtu wa makamo, kama amesikia habari za nishati safi. Akageuza ubavu wa mbuzi, akanyunyiza chumvi, akasema: "Nimesikia, ndugu mwandishi. Nimesikia gesi, nimesikia umeme. Sijamsikia mtu anayekuja kuniuliza mbuzi mzima nitamchoma kwa nini, na watoto wangu watatu walio shule wasimamishe masomo mpaka lini." Sikuwa na jibu. Nilinunua nyama, nikala.

Hapo ndipo peleti inapoingia, na ndipo naomba uniwie radhi kwa mzunguko mrefu. Maana peleti ni kuni, ila ni kuni zisizohitaji kukata mti mpya. Ni unga wa msumeno, takataka ya kiwanda cha mbao. Unga huo hukaushwa mpaka unyevu ubaki chini ya asilimia 10, kisha husukumwa kwa nguvu nyingi kupitia matundu ya milimita 6 hadi 8. Joto la msukumo hulainisha gundi ya asili iliyomo ndani ya mti wenyewe, nayo huushika unga ukawa kijiti kigumu. Marekani mambo haya yalishika kasi baada ya mafuta kupanda bei miaka ya 1970, watu wakitafuta namna ya kupasha nyumba moto. Katikati ya miaka ya 1980, katika jimbo la Oregon, mtu aitwaye Joe Traeger akatumia peleti katika jiko la kuchomea nyama uani. Parafujo ndefu inayozungushwa na mota huvuta vidonge kutoka kwenye kisanduku na kuvimimina katika chungu kidogo cha moto, kijiti cha umeme huviwasha, feni hupuliza, na kipimajoto huamua vidonge vingapi viingie. Ndiyo maana mzee jirani yangu hakupepea.

Je, sisi tuna malighafi? Tunayo. Nenda Mafinga, karibu na shamba la miti la Sao Hill, utazame unga wa mbao unaorundikana kwenye viwanda. Hapa kwetu na Singida tuna maganda ya alizeti kila penye mashine ya kukamua. Tuna mizabibu pia, ambayo hukatwa matawi kila msimu. Kule Bordeaux, Ufaransa, nchi ya mvinyo, nyama ya ng'ombe huchomwa juu ya vijiti vya mzabibu na ni chakula cha kujivunia. Sisi matawi ya mizabibu ya Hombolo na Makutupora tunayaona ni taka. Tahadhari moja tu: tawi lililopigwa dawa karibuni lisiguse nyama.

Hata hivyo, kabla hatujashangilia, tuwatazame majirani. Rwanda ilikuwepo kampuni iitwayo Inyenyeri, iliyoanzia huko Gisenyi. Ilitengeneza peleti na kuwapa wateja majiko yenye feni ndogo ya betri, kwa makubaliano kwamba wanunue vidonge vyake. Akina mama waliokuwa wakitumia mkaa walipata moto usio na moshi, na dunia ikaisifu kampuni hiyo. Mwaka 2020 ikafunga milango. Jiko la peleti bila peleti ni samani tu. Aliyekuwa na mafiga angeweza kuokota kuni; aliyekuwa na jiko lile alirudi kwenye mkaa.

Basi kwa msikilizaji mwenye uwezo, anayefikiria kununua jiko la namna hii au kuletewa na ndugu aliye nje, nitasema machache niliyojifunza.

Kwanza, uliza vidonge vitatoka wapi mwezi wa tatu baada ya kununua. Jiko la kuchomea nyama hula kama nusu kilo hadi kilo moja kwa saa kwa moto mdogo, na zaidi kwa moto mkali. Mzee wangu alipewa mifuko miwili, na wa kwanza umekwisha.

Pili, tazama umeme. Majiko ya Marekani ni ya volti 120. Wetu ni 230. Ukilichomeka bila transfoma umeliua. Kuwasha hutaka umeme wa kama wati 200 hadi 300 kwa dakika chache, kisha hupungua sana, kwa hiyo betri ya gari na kigeuza umeme chake vyaweza kuokoa karamu. Asiye navyo awe na mkaa karibu, kama mama yule.

Tatu, vidonge viwe vya chakula. Vipo vya kupasha nyumba joto ambavyo hutengenezwa kwa mbao yoyote, hata yenye utomvu mwingi au iliyotiwa dawa. Hivyo visiguse nyama. Kanuni hiyo ni ya kila moto. Usichomee nyama mbao zenye rangi wala nguzo zenye dawa, na minyaa ya uzio, yenye utomvu mweupe wenye sumu, isikaribie jikoni.

Nne, yaweke vizuri. Tone la maji hugeuza kidonge kuwa unga, na unga huziba parafujo. Ukame wetu hapa ni baraka, lakini kuanzia Desemba mpaka Aprili tumia ndoo yenye kifuniko. Jiko jipya liwashwe tupu kwanza kwa kama dakika arobaini ili mafuta ya kiwandani yaungue. Ukimaliza usichomoe waya. Lizime kwa kitufe, feni imalizie kuunguza vidonge vilivyobaki. Jivu lizolewe likipoa.

Tano, usitake lifanye ya mkaa. Moshi wake ni mwepesi na joto lake ni la kuzunguka, kama tanuri la mkate. Ubavu wa mbuzi wa moto mdogo kwa saa tatu au nne utalainika vizuri. Umalizie kwa moto mkali upate ukoko. Kuku aive mpaka ndani, kipimajoto kisome nyuzi 74. Na jiko lolote la kuni, mkaa au peleti lisiwashwe ndani ya chumba kilichofungwa, kwani hewa yake isiyonuka huua watu usingizini.

Wasio na uwezo huo, ambao ndio wengi wetu, tunacho cha kufanya pia. Jiko bora badala ya jiko la bati tupu. Kifuniko juu ya sufuria. Kuni kavu badala ya mbichi. Mchoma nyama anaweza kukata pipa katikati, alifunike, na mkaa wake ukapungua, kwani joto linalopotea hewani ni fedha.

Ndugu msikilizaji, tangu Julai 2024 treni ya umeme inatoka Dar es Salaam mpaka hapa Dodoma. Usafiri wa reli ulioanza kwa kula kuni zetu sasa hautaki hata kijiti. Safari ya reli kutoka kuni hadi umeme ilichukua zaidi ya miaka mia moja, nayo ilikuwa na serikali tatu nyuma yake: ya Mjerumani, ya Mwingereza na yetu. Mama wa Chamwino anatakiwa aache katika miaka kumi, na nyuma yake ana mumewe tu, wakati mwingine hata huyo hayupo.

Sisemi asiache. Nasema aulizwe. Anayepika aulizwe anapika nini, saa ngapi, kwa watu wangapi, na mkononi ana shilingi ngapi kwa siku. Maana mtungi wa gesi hununuliwa kwa mara moja, na mkaa hununuliwa kwa kopo. Mchoma nyama wa Msalato naye aulizwe. Fundi wa Jiko Bora alifanikiwa kwa sababu alikaa mtaa mmoja na mteja wake, na mteja alimjia na malalamiko.

Jana jioni nilipita kwa mzee jirani yangu. Jiko jeusi lilikuwa limehamishwa kutoka chini ya mwarobaini, limewekwa uani karibu na mlango wa jiko la mama. Nilimkuta mama amekaa kwenye kigoda, kijana wake mdogo akimsomea maelekezo ya kitabu cha jiko, neno kwa neno, kwa Kiswahili. Kuku wawili walikuwa ndani. "Kwa kuku linafaa," akaniambia bila kugeuka. "Kwa mbuzi bado sijaamua."

Kwa leo naishia hapo. Panapo majaliwa, tukutane wiki ijayo.